Misukule wa Bibi Tabitha

Sinema za mazombi za bei ya chini nazijua kuliko ninavyomjua mke wangu, na mke wangu husema hata hizo sizijui. Ndiyo kazi yangu. Ngarenaro, nyuma ya gereji za kunyoosha mabodi ya magari, kuna banda la video lenye mabenchi ya mbao na feni moja mgonjwa, na mimi Sifaeli ndiye ninayekaa pembeni na maikrofoni nikiwatafsiria watu anachosema Mkorea. Asichosema pia ninawaambia. Watu hulipa kiingilio kwa ajili ya sauti yangu, si kwa ajili ya Mkorea, na hilo silisemi kwa majivuno, ingawa najivunia.

Kasoro za sinema hizo utazitaja mpaka uchoke. Zombi aliyepigwa shoka mwanzoni utamwona tena baadaye, kavaa kofia ili usimtambue. Damu leo ni nyekundu, kesho ya waridi. Mtu mzima mwenye afya zake anakimbizwa na kiumbe anayetembea kama babu mwenye goti bovu, na bado anakamatwa. Wapenzi wakiagana kwa machozi, nyuma yao unasikia jogoo. Ila nikwambie kitu. Mwenye pesa hununua helikopta, na helikopta ikishaingia hofu inatoka. Asiye na pesa ana mlango tu. Anawafungia watu chumbani na dumu moja la maji, na hapo hata wewe uliyekaa kwenye benchi koo linakukauka. Mlangoni ndipo wanapofanya vizuri, na mlangoni hapo hapo ndipo wanapoharibu, maana mwisho ukifika hawajui huo mlango waufanye nini.

Maneno haya nilimwambia Gadiel, na kwa bahati mbaya nilimwambia kwa sauti ile ya kazini. Gadiel anapiga video za harusi. Ni kijana wa Kimeru, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala, na miaka yote alikuwa akiota kutengeneza sinema yake mwenyewe. Hazikupita siku nyingi akarudi bandani.

"Bro Sifa," alisema, "nimepata mlango."

Mlango wenyewe ulikuwa mlimani Meru, kupita Usa River, unapanda mpaka pikipiki inaomba poo, kule ambako migomba na kahawa zinaishia na msitu unaanza. Lilikuwa jengo la mawe alilojenga babu yake Gadiel kwa ajili ya kumenyea na kuhifadhi kahawa. Enzi hizo wezi wa kahawa hawakuwa na mchezo, kwa hiyo mzee yule aliweka nondo kila dirisha, akafunga mabati kwa boliti, na mlango akautengeneza kwa mbao ambazo shoka lenyewe lingeziogopa. Mashine ilishakufa zamani. Lilibaki jengo na kufuli, na ufunguo alikuwa nao bibi yake Gadiel, Bibi Tabitha, aliyeishi peke yake chini ya kilima, ng'ambo ya kijito.

Tulifika kwake Jumatano jioni tukiwa wanne. Nancy ana saluni ya kupamba maharusi. Alikuja kutupamba sisi na papo hapo awe nyota wa sinema, kwani katika sinema za aina hii hakuna mwenye kazi moja. Lomayani wa Oldonyo Sambu alikuja na kamera na maneno yake machache. Mimi nilikuwa zombi mkuu. Gadiel alikuwa mwongozaji, zombi wa pili, na mpishi.

Bibi Tabitha alitoka nje kavaa sweta la kijani, kanga mbili na mabuti ya mpira. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja peke yake, akitushika mikono. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, lakini mkono wake ulikuwa na nguvu ya mtu aliyechuma kahawa tangu utotoni. Gadiel alimpoteza mama yake angali mdogo, na mkono huo ndio uliomlea.

"Kwa hiyo ninyi mtakuwa misukule," alisema.

"Mazombi, bibi," Gadiel alimsahihisha. "Msukule anafugwa na mchawi. Zombi hana mwenyewe, anatembea tu."

"Maskini. Na hao waliojifungia ndani, nani atawafungulia?"

"Hakuna. Ndiyo utamu wa sinema."

"Hata jirani?"

"Jirani naye ameshakuwa zombi, bibi."

"Hata mama mchungaji?"

"Hata yeye."

Bibi Tabitha alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, kisha akatikisa kichwa na kusema kijiji chetu hicho kina laana. Nilimpenda palepale. Nimetafsiria watu wengi sinema nyingi, na hajawahi kutokea aliyeuliza swali hilo la jirani.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Gadiel alitaka hofu ya kweli. Alikuwa amenisikia mara nyingi nikisema kwamba waigizaji wa bei ya chini huonekana wazi wanajua choo kiko wapi. Basi akamwomba bibi yake atufungie kwa nje, kufuli kweli, mpaka Jumamosi saa sita mchana. Simu zetu zote tukazizima na kuziweka kwenye ndoo, maana kila sinema ya bei ya chini imeharibiwa na simu ya mtu, na ndoo akaifukia bibi mwenyewe ndani ya pipa la mahindi, nyumbani kwake, kabla ya kutupeleka juu.

"Mimi nifungie watu kama mbuzi?" alisema tulipofika mlangoni.

"Bibi, nakuomba. Siku tatu tu. Na usimwambie mtu, watatujazia umati hapa."

Hakuwahi kumnyima kitu mjukuu huyo, na siku hiyo hakuanza. Tuliingia na dumu zetu za maji, mikate, karanga na godoro moja. Kufuli likalia. Tukachungulia kupitia nondo, tukamwona akifunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake.

"Haya, mmeshafungwa," alisema. "Mlale salama." Lakini hakuondoka mara moja. Alisimama pale nje kitambo, tukisikia anavyohema kwa ule mlima aliopanda, ndipo mabuti yakaanza kushuka.

Alhamisi tulianza kazi mapema. Nancy alikuwa amegundua jambo la kujivunia: ukichanganya unga wa ngano, majivu na GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, unapata ngozi ya maiti ambayo hakuna pesa itakayoinunua. Alitupaka usoni, shingoni, mikononi. Akanibandika meno ya plastiki kwa gundi fulani ya saluni. Nilipouliza vinatoka vipi, alisema GV itaondoka yenyewe ndani ya wiki, na meno tutaona.

Tulikuwa katikati ya tukio la kwanza, Nancy ananilia "usinile, mimi ni mke wako," kengele ya kanisa ikaanza kulia huko bondeni. Ililia polepole, mlio mmoja, kimya, mlio mmoja. Kila aliyekulia huku anajua kengele hiyo inasema nini.

Gadiel alisonya. "Kengele gani hii tena? Kata, kata. Inaniharibia sauti."

"Kuna msiba," Lomayani alisema.

"Basi bibi yuko huko anapika na kina mama. Atatuhadithia Jumamosi." Tulingoja. Kengele ilipokoma, upepo ukaleta vilio vya wanawake kutoka mbali, vinapanda na kushuka, na macho ya Gadiel yakawaka. "Oya, Loma, rekodi hiyo. Hiyo sauti hata ukilipa huipati. Tutaiweka pale kijiji kinapokufa."

Lomayani alinitazama mimi, mimi nikatazama meno yangu kwenye kioo. Akarekodi. Alishikilia maikrofoni dirishani mpaka vilio vikaisha.

Siku hiyo na Ijumaa tulipiga kelele mpaka koo zikakwaruza. Kwa haki ya Mungu, ilikuwa kazi nzuri. Nancy alikuwa analia machozi yake mwenyewe. Kamera ilitikisika pale ilipotakiwa kutikisika. Mimi nilikufa mara tano na kila mara kwa namna tofauti. Usiku tulisikia nyimbo kutoka bondeni, za watu wanaokesha msibani, na sisi tukalala vizuri.

Jumamosi saa sita mchana tulikuwa tumekaa mlangoni na mabegi yetu kama abiria. Maji yalikuwa yamebaki ya kusukutua. Saa sita ikapita.

"Wazee hawana haraka," alisema Gadiel.

Baadaye kidogo akasema labda bado yuko msibani. Nancy, ambaye mwisho wa sinema naye aligeuka zombi, alijaribu kujiosha uso kwa maji yaliyobaki, GV ikazidi kung'aa, nami nikamkasirikia kwa kuyamaliza. Alinijibu kwamba mwenye mdomo mkubwa ndiye anayesikia kiu zaidi. Lomayani alipanda begani kwangu akasukuma mabati kwa mgongo. Hayakutikisika. Tulipiga mlango kwa bega, kwa mguu, kwa gurudumu la mashine ya kahawa. Babu yake Gadiel, popote alipo, lazima alifurahia kazi yake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa kijinga, nikihisi kuta zinasogea. Miaka yote nimekaa kando ya watu waliofungiwa nikiwatia maneno mdomoni, "jamani tutatokaje humu," kwa sauti nzito ya kupendeza, na sikujua kwamba kweli mtu aliyefungiwa hasemi. Anasikiliza tu upande wa pili wa mlango. Hata ukikaa kimya bado unasikiliza.

Tulisikia majani yakikatwa. Nilikimbilia dirishani. Wanawake wawili walikuwa kwenye migomba, wanakata majani na kuyapanga, majani ya kupakulia chakula cha watu wengi. Nikashika nondo, nikatoa uso nje kadiri unavyotoka, nikawaita kwa sauti ile ambayo Ngarenaro nzima inailipia. Lakini meno ya Nancy yalikuwa bado mdomoni, na kilichotoka ni mngurumo.

Waligeuka. Waliona uso wa zambarau, nguo za sanda zilizochanika, mikono iliyong'ang'ania nondo. Mmoja aliangusha panga. Mwenzake alisema neno moja tu, kwa sauti ndogo kabisa, "misukule," kisha nikaona visigino.

Pengine wewe msomaji si wa huku, kwa hiyo nikueleze. Msukule ni mtu ambaye watu wanadhani amekufa na wamemzika, kumbe mchawi amemficha, anamtumikisha usiku na kumlisha pumba. Inasemekana hukatwa ulimi asije akasema. Mimi siamini mambo hayo, lakini hata nisipoamini, najua watu wanaoamini hufanya nini.

Nancy alinitoa meno kwa koleo la Lomayani. Nilikuwa bado ninatema damu, ya kweli mara hii, tuliposikia watu wanapanda. Walikuja wengi, wanaume mbele, nguo za msibani, mapanga mkononi. Walisimama mbali na mlango.

"Mnaona?" mmoja alisema. "Usiku wa kuamkia jana mlisikia makelele, mkaniambia ni fisi."

"Kufuli lipo vilevile," alisema mwingine. "Ufunguo aliuficha wapi huyo mama?"

Kisha ikaja sauti ya mzee, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Gadiel alininong'oneza kwamba huyo ni Mzee Kaanaeli, mzee wa kanisa.

"Sasa tumejua vikombe vinne vilikuwa vya nani," alisema Mzee Kaanaeli. "Mama mzee anaishi peke yake. Alhamisi alfajiri anaokotwa kwenye njia ya huku, amekufa, na birika la chai na vikombe vinne. Tulijiuliza anampelekea nani chai saa hizo. Alikuwa anawalisha hawa. Mimi namfuata mchungaji. Tabitha asiingizwe kanisani."

Sikumtazama Gadiel. Sikuweza. Nilisikia tu anakaa chini, mgongo ukikwaruza ukuta. Nje wengine walikuwa wakisema petroli ya bodaboda itatosha, na mwanamke mmoja akalia kwamba Tabitha alimshika mtoto wake siku ya ubatizo, kwa mikono ile ile.

Lomayani alichomoa kadi ya kamera, akaiweka kwenye kiganja cha Gadiel, akamfunga vidole. Humo ndani kulikuwa na kengele ya bibi yake, na sauti ya Gadiel mwenyewe ikisema inamharibia.

"Tukae kimya," Nancy alinong'ona. "Wakichoka wataondoka. Tukijionyesha na sura hizi wanatuua."

Nami nilikubaliana naye, sina haja ya kujipamba. Katika sinema zote nilizotafsiri, anayefungua mdomo ndiye anayekufa.

Gadiel aliinuka. Uso wake wa maiti ulikuwa umepata mifereji miwili ya machozi, na GV haikuondoka hata hapo. "Mkikaa kimya mnaokoka ninyi," alisema. "Bibi yangu atazikwa porini kama mchawi. Amefanya nini? Amekosa nini yule mama?"

Alikwenda dirishani akaita kwa Kimeru, akajitaja jina, jina la baba yake na la babu yake. Jiwe likagonga nondo. Mtu alipaza sauti kwamba wachawi huwafundisha majina. Jiwe la pili lilimpata mkononi. Alirudi nyuma, akatazama huku na huku, kisha akalala kifudifudi chini ya dirisha dogo la nyuma, akapitisha mkono hadi begani katikati ya nondo.

Nyuma ya jengo kulikuwa na safu ya isale. Ni mmea wa majani marefu ambao Wameru hupanda kwenye mipaka, na usiuone umesimama tu ukadhani ni ua. Mtu aliyekukosea, hata awe amekukosea vibaya namna gani, akija kwako ameshika jani la isale, unalazimika kumsikiliza. Lomayani alimwona anavyohangaika akaelewa mara moja. "Kwetu anayeomba msamaha hushika nyasi," alisema, akamkandamiza mabega ili mkono ufike mbali zaidi. Nondo ilimchuna Gadiel ngozi. Alirudi na jani moja, lenye udongo.

Alilifunga fundo. Akalitoa kupitia dirisha la mbele kwa mkono ule wa zambarau unaovuja damu, na safari hii hakuita. Alilishikilia tu.

Jiwe la tatu halikuja. Kelele zilipungua moja moja, kama watu wanavyonyamaza kanisani.

"Msukule hajui isale," alisema mwanamke. Alijitenga na wenzake akasogea mpaka karibu na dirisha, mama wa makamo mwenye kitambaa cheusi kichwani, mwenye macho yaliyovimba. Nikaona alivyofanana na Bibi Tabitha, nikajua ni mtoto wake.

"Shikamoo shangazi Hanna," alisema Gadiel.

Hakuitikia. "Mwanangu Gadiel nimempigia siku tatu," alisema. "Hapatikani. Kama wewe ndiye, simu yako iko wapi?"

"Imo kwenye ndoo, shangazi, ndani ya pipa la mahindi la bibi. Zimo nne. Tulikuwa tunatengeneza sinema. Nilimwomba atufungie. Ufunguo alifunga kwenye pindo la kanga yake."

Shangazi Hanna aliingiza mkono kifuani, akatoa leso, akaifungua. Ufunguo ulikuwa humo. Baadaye alituambia kwamba yeye ndiye aliyemwosha mama yake, na alipofungua lile pindo alikaa nao usiku kucha, akiujaribu kwenye kila kabati la nyumba. Jengo hili halikumjia akilini. Ni miaka mingi hapakuwa na kitu cha kufungia.

Kufuli lilifunguka. Mlango ulifunguliwa kwa nje na mtu mmoja, mama mwenye macho mekundu, na mwanga uliingia mpaka kwenye mashine. Shangazi Hanna alisimama kizingitini akatutazama kwa zamu, midomo ikicheza kama anayehesabu kuku.

"Kumbe ninyi ndio vikombe vinne," alisema.

Aligeuka kwa watu. "Mzee Kaanaeli, misukule wa mama yangu ni hawa. Huyu wa mbele unamjua, ulimfundisha kipaimara. Mpe mkono."

Mzee Kaanaeli hakuwa mtu mbaya. Alikaa kidogo akiutazama mkono ule wa zambarau, kisha akaushika, akaufumbata kwa mikono yake miwili, na akasema pole kwa msiba, mwanangu, kama inavyosemwa kwa mtu yeyote. Halafu akaweka jani la isale mfukoni mwa koti lake la kanisani na kutangulia kushuka. Kwenye njia alikuwa akimwambia kila aliyekutana naye, "Ni wajukuu, ni wajukuu."

Bibi Tabitha aliingizwa kanisani. Mbele yake kwaya ya wanawake wenzake iliimba, na sisi wanne tulikaa benchi la wafiwa, watoto wakitukodolea macho badala ya kufumba wakati wa sala. Nancy alimpa Gadiel mtandio wake ajifunike uso, akaukunja na kumrudishia. Kaburini, chini ya migomba nyuma ya nyumba, mchungaji alipowaita wajukuu watupe udongo, watu walimpisha kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Aliokota udongo kwa mkono wenye jeraha. Alikaa nao muda mrefu, mpaka shangazi yake akamshika kiwiko, ndipo akaufungua.

Watu walipokuwa wakila, Shangazi Hanna alituita jikoni. Alitutolea vikombe vya bati, vinne, kimoja kimebonyea ubavuni. Akatumiminia chai. Nilikuwa na kiu ya tangu asubuhi, na bado sikuweza kuinua kile kikombe.

"Kunyweni," alisema. "Alikuwa anawaletea." Alikaa kwenye kigoda, akatazama moto. "Jumatano usiku alinipigia simu. Alisema hapati usingizi. Akaniuliza, Hanna, mtu akikuomba umfungie, ukamfungulia kabla ya siku aliyosema, umemkosea? Nikamwambia, mama, kama roho yako haitulii, amka mapema ukafungulie."

Gadiel aliweka kikombe chini.

"Mimi nilidhani," alisema Shangazi Hanna, "anasema mbuzi."